California wanatunga sheria karibu elfu moja kila mwaka, nani anazisoma?

Ndege Mnana (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Naona humu kila ikitajwa siasa ya Marekani mjadala unaanzia White House na unaishia White House, Trump hivi, Democrats vile. Sasa mimi nimekaa California miaka kadhaa kabla sijahamia Houston, Texas, na nawaambia anayekugusa mfukoni kule sio rais, ni bunge la jimbo, watu ambao hata majina yao huyajui. Na niseme msimamo wangu mapema tusije tukasumbuana, mimi ni mhafidhina, naamini bunge zuri ni lile linalokaa, linapitisha bajeti, linarekebisha kilichoharibika halafu wabunge wanarudi kwenye shughuli zao, kama hili la huku Texas. Kama hukubaliani karibu tubishane kwa hoja, mambo ya kutukaniana mama tuwaachie wa jukwaa la mpira.

Tuangalie namba. 2022 gavana Newsom alisaini miswada 997. 2023 akasaini 890. 2024 akasaini 1,017 na akakataa 189. Msimlaumu yeye peke yake maana hata Jerry Brown, gavana aliyemtangulia, mwaka wake wa mwisho, 2018, alisaini zaidi ya elfu moja. Hiyo ni jimbo moja, na hapo bado hujaweka kanuni za mabodi, bado kaunti, bado jiji lako nalo lina diwani wake anataka kuonekana anafanya kazi. Kila tarehe 1 Januari unaamka kuna mamia ya vitu vipya ambavyo jana vilikuwa halali leo ni kosa, au jana havikuhitaji fomu leo vinahitaji fomu. Mwenye kampuni kubwa ana ofisi nzima ya wanasheria wa kumsomea. Mama mwenye mgahawa wa watu watano anasoma saa ngapi?

Watu wanasema ni kwa sababu California ni ya Democrats. Ni sehemu ya jibu lakini sio jibu lenyewe. Jibu lenyewe ni kwamba mwaka 1966 wananchi walipiga kura, Proposition 1A, bunge likawa la kudumu, la mwaka mzima, na aliyelipigia debe sana alikuwa spika Jesse Unruh, hoja yake ilikuwa jimbo limekua kubwa linahitaji wabunge wa kitaalamu wenye mshahara mzuri na wasaidizi. Leo mshahara umepita dola laki moja na ishirini kwa mwaka. Wako 120, themanini bunge la chini na arobaini seneti, na kila mmoja ana kikomo cha miswada anayoweza kuleta kwa kipindi cha miaka miwili, zamani ilikuwa 50 kwa wa bunge la chini na 40 kwa seneta, juzi juzi wamejipunguzia hadi 35 na wakajisifu kweli kweli. Piga hesabu mwenyewe, 35 mara 120. Ukimlipa fundi viatu kwa idadi ya misumari aliyopigilia usije ukashangaa kiatu hakivaliki.

Ndio maana unakuta vitu kama ile sheria AB 1084 ya 2021, kwamba duka kubwa la wafanyakazi 500 na kuendelea linalouza midoli lazima liwe na sehemu ya midoli isiyobagua mtoto wa kike na wa kiume, ikaanza kutumika Januari 2024, faini dola 250 mara ya kwanza na 500 ukirudia. Mimi sibishani kama binti acheze na gari au asicheze, wa kwangu anacheza na matope. Nauliza tu, nani alikuwa anakatazwa kununua mdoli anaoutaka mpaka jimbo lenye watu karibu milioni 39 likae kikao?

Na aliyelisema hili vizuri kuliko mhafidhina yeyote ni Democrat, huyo huyo Jerry Brown. 2011 walimletea muswada wa kuwalazimisha watoto wanaoteleza kwenye theluji wavae kofia ngumu, asipovaa mzazi anapigwa faini. Brown akaukataa, akaandika kwamba kofia ni kitu kizuri lakini anaona madaraka ya wazazi yanahamia serikalini kidogo kidogo bila kukoma, na kwamba si kila tatizo la binadamu linastahili kutungiwa sheria. Basi. Muswada ukafa. Ningekuwa na uwezo hiyo karatasi ningeibandika kwenye mlango wa kila bunge duniani, Dodoma ikiwemo.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi, sheria ya ajira inayoitwa AB 5, maana hii imewapiga hadi ndugu zetu na watu nyumbani hawaijui.

Mwaka 2018 mahakama kuu ya California kwenye kesi ya Dynamex ilisema mfanyakazi yeyote ni mwajiriwa mpaka kampuni ithibitishe mambo matatu kwa pamoja, la kwanza kwamba haimsimamii, la katikati kwamba kazi anayoifanya iko nje ya shughuli ya kawaida ya kampuni, na la mwisho kwamba ana biashara yake anayojitegemea. 2019 mbunge Lorena Gonzalez akaleta AB 5 kuligeuza hilo kuwa sheria, gavana akasaini Septemba, ikaanza Januari 2020. Lengo lilikuwa kuwabana Uber na Lyft wawape madereva haki za mwajiriwa. Lengo zuri ukilisikia. Lakini sheria haisomi lengo, inasoma maneno yaliyoandikwa. Mwandishi wa kujitegemea akawekewa kikomo cha makala 35 kwa mwaka kwa chombo kimoja, ukifika ya 36 wewe ni mwajiriwa, na kampuni ya Vox Media Desemba hiyo hiyo ikatangaza inaachana na waandishi kama 200 wa California. Wanamuziki wakaguswa, wapiga picha wakaguswa, wakalimani wakaguswa. Wengine walikuwa wamesamehewa toka mwanzo, wanasheria, madaktari, mawakala wa bima, madalali wa nyumba. Unajua kwa nini? Kwa sababu wana vyama vyenye watu wa kushinda koridoni Sacramento, bunge la jimbo liliko.

Septemba 2020 ikabidi watunge sheria nyingine, AB 2257, kuwaondoa watu wengine kwenye sheria ya kwanza, kikomo cha makala 35 kikafutwa. Na Uber na Lyft waliolengwa? Wao na wenzao wakamwaga zaidi ya dola milioni 200, wakaenda kwa wananchi na Proposition 22, Novemba 2020 wakashinda kwa karibu asilimia 59, na Julai 2024 mahakama kuu ya jimbo ikaibariki. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kumbana papa, papa katoka na dagaa wamebaki kwenye wavu. Nimemaliza kwa sasa, leteni hoja.

---

mtu wa Ilala

Mkuu andiko refu kama hotuba ya bajeti ila nimelisoma lote. Ngoja nikae hapa nisubiri wanaojua.

---

semi_trela

Mleta uzi umegusa kidonda. Mimi naendesha lori toka 2016, nina gari langu mwenyewe, nililipa kidogo kidogo mpaka nikalimaliza. Pale Oakland bandarini wengi tulikuwa hivyo, unalo lori lako, unachukua mzigo kwa kampuni hii leo, kesho nyingine. AB 5 ilivyokuja, hicho kipengele cha katikati alichotaja ndicho kilichotuua, kwa sababu ukisema kazi iwe nje ya shughuli ya kampuni, sasa kampuni ya malori shughuli yake ni nini kama sio malori?? Hakuna namna unaweza kupita hapo hata uwe malaika.

Chama cha wenye malori kilienda mahakamani tukapata zuio mwanzoni mwa 2020, tukapumua, 2021 mahakama ya rufaa ikaliondoa, Juni 2022 mahakama kuu ya Marekani ikakataa kusikiliza kesi. Julai tukafunga bandari ya Oakland, siku kadhaa hakuna kontena linatoka. Walikuwa wanatukadiria watu kama elfu sabini California nzima wenye malori yao. Wahindi wa Punjab, Walatino, Wasomali, Waethiopia, sisi Waswahili wachache. Ndio hao sheria ilisema inawalinda. Mimi kampuni niliyokuwa nabeba mizigo yake iliniambia chagua, ingia ajira na lori lako tukalipangie cha kulifanyia au tafuta leseni na bima zote kwa jina lako. Nilihamisha makazi. Sasa niko Nevada na sitaki kusikia mtu anaitwa mtetezi wangu.

---

Profesa wa Kijiweni

Nimesoma hoja na napinga, kwa heshima zote mkuu Ndege Mnana. Mnatuambia nusu ya stori. Dereva wa Uber bila sheria ana nini? Akiumwa hana likizo, akipata ajali ni yeye na Mungu wake, kampuni inamwamulia bei, inamfungia akaunti kwa mashine bila hata kumsikiliza halafu inasema huyu ni mfanyabiashara anayejitegemea. Hao madereva wa malori bandarini kuna waliokuwa wanakopeshwa lori na kampuni yenyewe, wanakatwa kila wiki mpaka wengine wanarudi nyumbani na hundi ya senti. Hilo ni tatizo la kweli na mtu wa kulitatua ni bunge, hakuna mwingine.

Halafu unaisifia Texas. Tuongee Texas sasa. Februari 2021 baridi imekuja, umeme umekatika siku kadhaa, watu 246 wamekufa kwa hesabu ya serikali ya jimbo yenyewe. Mwaka 2011 ilishatokea baridi kama hiyo, wataalamu wa serikali kuu wakaandika ripoti kwamba mitambo na mabomba ya gesi viwekewe kinga ya baridi, Texas haikulazimisha mtu, ikawaachia wenye mitambo waamue. Sheria ya kuwalazimisha ilikuja baada ya mazishi. Hiyo ndiyo bei ya bunge lako linalokwenda nyumbani mapema.

---

Binti Kibosho

Prof hapo kwenye umeme umepiga penyewe 👏

Mimi nauliza tu, mbona huku kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku na maisha yakaendelea? Kenya Agosti 2017, sisi Tanzania tarehe 1 Juni 2019, watu walilalamika wiki mbili, leo kila mtu ana kikapu chake na mifereji inapumua. Sheria kali inafanya kazi jamani tusidanganyane.

---

Ndege Mnana

Dada Binti Kibosho nashukuru umeileta mifuko maana ni mfano wangu mimi huo. California walipitisha marufuku ya mifuko 2014, SB 270. Wenye viwanda wakakusanya saini ikaenda kura ya wananchi, 2016 ikapita. Lakini ndani ya sheria waliacha mlango, mfuko ukiwa mzito kiasi fulani unahesabika ni wa kutumia tena, unauzwa senti kumi. Kilichofuata nilikiona kwa macho pale kaunta, watu wanalipa hiyo senti kumi, wanachukua mfuko mnene kuliko wa zamani, wanautupa vile vile kama wa zamani. Uzito wa taka za mifuko ukapanda badala ya kushuka. 2024 wakatunga sheria ya pili, SB 1053, kuufunga mlango walioufungua wenyewe, na hiyo ni ya kuanzia Januari 2026. Miaka kumi na mbili dada yangu, kura mbili za bunge na moja ya wananchi, kufanya kitu ambacho Rwanda walikimaliza 2008. Sheria fupi inayosema usifanye hivi inaeleweka hata na muuza nyanya. Sheria yenye misamaha kumi na nane imeandikwa na waliosamehewa.

Prof, umeme. Hoja yako nzito na siikwepi, hao 246 sio namba ya kubishia utani, na nilikuwa Houston tayari, tulichoma samani. Lakini angalia kilichotokea baada ya pale, baridi ilikuja Februari, bunge lilikuwa limekaa, Juni sheria ikawa imesainiwa, SB 3, mitambo ilazimishwe kuwekewa kinga. Bunge la siku 140 liliweza. Lililokosekana 2011 sio muda, ilikuwa nia, na bunge la mwaka mzima halikupi nia, linakupa muda wa kushughulika na midoli. California yenye bunge la kudumu nayo ilikatiwa umeme kwa zamu Agosti 2020 kwenye joto kali, wale walikuwa wanatunga sheria mwaka mzima.

Mimi sijasema sheria sifuri. Nasema sheria iwe kitu kizito, bunge liogope kidogo kabla ya kuitunga.

---

Jogoo la Shamba

Hilo bunge la siku 140 likoje mkuu? Yaani wabunge wanakaa siku 140 tu kwa mwaka??

---

Ndege Mnana

Sio kwa mwaka mkuu, kwa miaka miwili. Wanakutana mwaka usiogawanyika kwa mbili, 2021, 2023, 2025, kuanzia Januari, siku 140 zikiisha wanaondoka. Mshahara dola 600 kwa mwezi, ndiyo, mia sita, haujabadilika toka 1975, na posho ya siku za kikao. Kwa hiyo mbunge ni mkulima, ni mwanasheria, ni daktari wa mifugo, ana kazi yake na sheria anayotunga inamkuta kazini kwake. Na siku 60 za mwanzo katiba kwa kawaida hairuhusu kupitisha muswada isipokuwa gavana ameutangaza ni wa dharura. Yakibaki mambo gavana peke yake anaweza kuita kikao maalum, mwisho siku 30, na yeye ndiye anapanga ajenda. Hawako peke yao, Nevada, Montana na North Dakota nao ni mwaka mmoja ndani mwaka mmoja nje. Na ukitaka cheko nenda New Hampshire, bunge la chini lina watu 400, mshahara dola 100 kwa mwaka. Hiyo kwetu hata posho ya chai haifiki.

---

Profesa wa Kijiweni

Sasa hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri. Siku 140 umesema? Kikao cha 2023 Texas waliletewa miswada zaidi ya 8,000 na waliyoipitisha inazidi 1,200. Siku 140! California kwa miaka ile miwili 2023 na 2024 ni kama 1,900 na jimbo lina watu wengi zaidi. Tofauti iko wapi kiongozi? Halafu 2023 hiyo hiyo gavana wenu Abbott aliita vikao maalum vinne, VINNE, wabunge hawajalala nyumbani.

Na tuseme ukweli wote, mwaka huo huo walipitisha HB 2127 ya kuyanyang'anya majiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwenye mambo kibao. Austin na Dallas walikuwa na sheria ndogo inayomlazimu mkandarasi awape vibarua dakika kumi za kupumzika na kunywa maji kila saa nne. Kwenye jua la Texas! Mhafidhina si mnasema serikali iliyo karibu na mwananchi ndiyo inayomjua? Mbona jiji lilipomjua mnyonge jimbo likaja kumpora?

---

mtu wa Ilala

Hatariiii. Ndege Mnana unaitwa huku.

---

Ndege Mnana

Nipo, nilikuwa kazini, sio wote tunalipwa kwa posho.

HB 2127 siitetei Prof. Kuna hoja yake, mwenye biashara miji kumi asikutane na kanuni kumi tofauti, naielewa, lakini maji ya kibarua sio mahali pa kuijaribia hiyo hoja. Mimi ni mhafidhina sio msemaji wa Abbott. Na vile vikao vinne, viwili vya mwanzo hoja kubwa ilikuwa kodi ya majengo na ardhi, viwili vya mwisho gavana alitaka ruzuku ya shule binafsi na wabunge wa vijijini wa chama chake mwenyewe wakamkatalia. Wamegoma. Kwangu hiyo ni sifa, bunge lililoitwa tena na tena na likasema hapana.

Namba zako ni za kweli na hata mimi naona 1,200 ni nyingi mno. Ila ziangalie vizuri, kwenye hizo kuna lundo la miswada ya kuipa barabara jina la askari aliyefariki, ya kuanzisha wilaya ya maji ya mtaa mpya, hiyo haimgusi dobi. Na muhimu zaidi ni zile elfu sita na zaidi ambazo hazikupita. Nyingi hazikukataliwa kwa kura, zimekufa kwa kalenda, tarehe ya mwisho ya bunge la chini ikipita usiku wa Mei muswada umezikwa na hakuna wa kuufufua mpaka miaka miwili. Coolidge kabla hajawa rais, 1910, baba yake alipochaguliwa kuwa seneta Vermont alimwandikia barua kwamba kuua miswada mibaya ni muhimu zaidi kuliko kupitisha mizuri. Kalenda ya Texas inafanya hiyo kazi bila kumchukia mtu.

---

mama_rasta

Habari zenu wapendwa. Mimi siasa siijui ila kwenye leseni nina la kusema maana ninyi mnaongelea miswada elfu moja, mimi moja tu ilinitosha.

Mimi ni msusi, nasuka toka niko Tandika, twende kilioni, rasta, yebo yebo zote. Nimefika Louisiana mume wangu akiwa na kazi huko, nikaanza kusuka nyumbani kwa watu wa kanisani. Akanifuata mtu akaniambia dada unavunja sheria, unatakiwa uwe na kibali cha kusuka na kibali kinataka masaa 500 ya shule. Masaa mia tano! Nikatafuta hiyo shule, zilizokuwepo karibu zinafundisha kukata, kupaka rangi, madawa, vitu ambavyo sivifanyi. Anayenifundisha kusuka mwenyewe hajui kusuka jamani. Nilikaa bila kazi muda mrefu. Tumehamia Dallas kumbe hapa hawataki chochote, nimefungua kiti changu na sasa tuko wanne.

---

Ndege Mnana

Dada mama_rasta pole na hongera kwa pamoja. Na hiyo Dallas unayoifaidi ina historia, kuna mwanamke anaitwa Isis Brantley, 1997 maofisa walivamia saluni yake hapo hapo Dallas wakamfunga pingu kwa kosa la kusuka nywele bila leseni ya urembo. Miaka kumi baadaye jimbo likaanzisha cheti cha kusuka cha masaa 35 wakampa, lakini alipotaka kuwafundisha wengine wakamwambia chuo chake kiwe na ukubwa wa futi za mraba 2,000, viti vya kinyozi visivyopungua kumi, na masinki. Masinki ya nini kwa msusi asiyeruhusiwa hata kuosha nywele? Akashtaki, Januari 2015 jaji wa shirikisho Sam Sparks akasema hayo masharti ni kinyume cha katiba, na Juni mwaka huo jimbo likaifuta kabisa leseni ya kusuka. Utah nako ilikuwa hivyo, Jestina Clayton, mkimbizi kutoka Sierra Leone, aliambiwa apige masaa 2,000, akashinda kesi 2012.

---

Profesa wa Kijiweni

Louisiana ni Republican. Texas ya 1997 gavana wake alikuwa George W. Bush. Utah usiniambie. Kwa hiyo wahafidhina ndio waliomfunga pingu msusi? Na kwa kuwa tunafukua makaburi, ile sheria ya mazingira ya California mnayoililia kila siku, CEQA, inayofanya nyumba zisijengwe, aliyeisaini 1970 ni Ronald Reagan.

---

Ndege Mnana

Prof unanisaidia kazi. Ndicho ninachosema toka post ya kwanza, hii sio Democrats na Republicans. Sheria za leseni zinaandikwa na walioko ndani ya kazi tayari, bodi ya urembo imejaa wenye vyuo vya urembo na wenye saluni, wao ndio wanajua ni masaa mangapi yanatosha kumchosha mshindani. Chama kilichoko madarakani kinapigiwa simu tu. Hata Ikulu ya Obama ilitoa ripoti Julai 2015 ikasema zaidi ya robo ya wafanyakazi Marekani wanahitaji leseni, wakati miaka ya 1950 hawakufika asilimia tano. Obama huyo, sio mimi.

Na Reagan ndiyo alisaini, ilikuwa sheria fupi ya miradi ya serikali, 1972 mahakama ikaipanua ikaingia hadi miradi ya watu binafsi ikiombewa kibali. Matokeo yake 2023 mahakama ya rufaa ikazuia mabweni ya wanafunzi kama 1,100 Berkeley kwa sababu chuo hakikuchunguza kelele za wanafunzi kama uchafuzi wa mazingira. Vijana kuongea usiku! Bunge likatunga AB 1307 kusema sauti za wakazi sio uchafuzi. Na Juni 2025 Newsom mwenyewe amesaini kuzitoa nyumba nyingi za mijini kwenye CEQA. Sheria juu ya sheria juu ya sheria, na kodi ya chumba inapanda.

Wako waliojaribu kurudi nyuma. Idaho 2019 bunge liligombana likaondoka bila kuhuisha kanuni za jimbo, na kule zisipohuishwa zinakufa zote. Kurasa 8,200. Gavana Brad Little badala ya kulia akaambia kila idara, mnayotaka ibaki ije na sababu. Mwisho wa mwaka robo tatu ya kanuni zilikuwa zimefutwa au kurahisishwa. Idaho ipo mpaka leo, viazi vinalimwa.

---

Jogoo la Shamba

Hiyo ya Idaho tuiletee TRA tuone 😂

---

semi_trela

Prof nakuheshimu ila wale waliokuwa wanakatwa hundi mpaka senti, dawa yao ilikuwa kumshtaki aliyewakata, sheria za wizi wa mshahara zilikuwepo kabla ya AB 5. Wametuchoma wote ili wamkamate mmoja.

---

Profesa wa Kijiweni

Kushtaki ni hela na ni miaka kaka. Anayeendesha masaa 14 kwa siku atamshtaki nani na saa ngapi? Ndio maana ya sheria, isimlazimu kila mnyonge atafute wakili wake. Nitakubaliana nanyi kwenye leseni ya msusi, huo ni uhuni. Kwenye madereva sitoki hapa.

---

mkalimani_wa_usiku

Nimechelewa uzi. Nathibitisha ya wakalimani, nilikuwa natafsiri Kiswahili kwa simu, mahospitali na ofisi za uhamiaji, nikiwa Sacramento. Mwanzo wa 2020 wakala niliyekuwa napata kwake kazi nyingi, wa jimbo jingine, alituma barua pepe kwamba hachukui tena mtu mwenye anwani ya California. Waliotuondoa kwenye AB 5 Septemba wameshatuondoa lakini wateja wengine hawakurudi, walishapata watu Arizona na Ohio.

---

mama_rasta

Samahani wapendwa, wifi yangu ana leseni ya usaidizi wa wauguzi ya jimbo jingine na anataka kwenda Arizona, ataanza upya?

---

Ndege Mnana

Dada hapo kwenye Arizona kuna nafuu, toka 2019 wana sheria ya kuzitambua leseni za majimbo mengine, gavana Doug Ducey alisaini, walikuwa wa kwanza kuifanya kwa fani karibu zote. Awe ameishika leseni angalau mwaka mmoja, asiwe na kesi ya nidhamu, na awe amehamia kweli. Ila kwa uuguzi na usaidizi wake bodi ya wauguzi ya Arizona ina utaratibu wake, apige simu kwao kabla hajafunga mizigo, na barua ya kuthibitisha leseni aiombe mapema huko alipo maana hiyo ndiyo inayochelewa.